Waziri Mkuu wa Siku Kumi na Nne

Jumatatu, 6 Mei 2024

Bunge la bajeti redioni. Spika akaingia, na mimi nikasimama. Hapa hapa sebuleni, mikono imenyooka ubavuni. Miaka ishirini na minne tangu niondoke Dodoma, miguu bado inasimama yenyewe. Dominika akaniambia nikae, namkingia mwanga, anachambua maharage. Mke wa mbunge mstaafu!

Zamani hakuwa hivi. Siku ile ya mwaka 1996 nilipouliza swali langu kuhusu josho la ng'ombe la Milepa, alikusanya majirani uani, akaweka redio juu ya kinu kilichopinduliwa, akamfukuza kila aliyekohoa. Naibu Waziri alijibu kwamba Serikali inalifahamu suala hilo. Wabunge wakapiga meza. Sauti ile! Kama mvua ya kwanza juu ya bati. Mpaka leo mvua ikianza huwa nainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea pongezi.

Mchana akaja Mwalimu Coleta, anayefundisha Uraia katika sekondari ya kata yetu. Kidato cha tatu wataendesha Bunge la wanafunzi Jumatano ya wiki ijayo. Mada: madaraka ya Bunge. Anatafuta mtu aliyewahi kukaa mle ndani, awaandae watoto na awe mgeni rasmi. Nikamwambia amemaliza kutafuta. Akafurahi. Akasema basi atamtumia ujumbe na Mzee Rahim pia.

Rahim! Mwenye maduka na malori pale mjini. Mtu aliyeninyang'anya jimbo mwaka 2000! Naye alikaa kipindi kimoja tu, kama mimi. Kisha jimbo lenyewe likakatwa vipande, vipande vikapewa majina mengine. Leo sisi wawili ni wabunge wastaafu wa mahali pasipokuwepo. Ungedhani jambo hilo lingetupatanisha.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda dukani kwa Rahim kupeleleza. Nilitarajia kumkuta na kikohozi, walau. Mzima kabisa. Anapanga mabati mwenyewe. Akaniita Mheshimiwa Mstaafu, akaagiza chai ya tangawizi, tukabishana mpaka wateja wakaacha kununua.

Yeye anasema nguvu ya Bunge iko kwenye kamati, kule ambako hakuna kamera. Mimi nasema iko kwenye swali. Waziri anasimama mbele ya nchi nzima na wewe ndiye uliyemsimamisha! Akasema kumsimamisha ni rahisi, tatizo huwa ni akishasimama. Nikamwuliza yeye katika miaka mitano alimsimamisha nani. Akacheka, akasema tunazeeka. Akakumbusha safari za enzi zile: matope ya barabara ya Tunduma, tunalala njiani, suti tumezifunga ndani ya mifuko ya nailoni, na asubuhi unaingia ukumbini unanukia dizeli, lakini unaitwa Mheshimiwa. Nusura nimpende.

Kisha akasema ujumbe wa Mwalimu Coleta umetaja siku, haukutaja shule. Je, ni shule gani?

Sikupanga. Ulimi ulijibu wenyewe. Kate, nikasema.

Akashangaa, mbona mbali hivyo, wilaya nyingine kabisa? Nikamwambia vijana wa huko wana kiu ya elimu. Akataka kunipa lifti! Ikabidi niseme mimi natangulia siku moja kabla kwa maandalizi. Akanishukuru kwa kumfahamisha.

Kate ipo. Shule ipo. Kiu ya elimu, bila shaka, ipo. Sioni uongo ulipo.

Alhamisi, 9 Mei

Somo la kwanza. Nimevaa tai. Darasa zima likasimama: "Shikamoo babu!" Babu! Nikawaeleza kwamba ndani ya Bunge hakuna babu wala mjukuu, kuna Waheshimiwa. Wakasema, shikamoo Mheshimiwa babu. Nikaacha.

Nikawapa Ibara ya 63, bila kusoma popote. Kwamba Bunge linaweza kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kwamba linajadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti. Linatunga sheria. Linaridhia mikataba. Kisha Ibara ya 51 na 53A: kwamba Waziri Mkuu akishateuliwa na Rais hakalii kiti mpaka Bunge limthibitishe, na Bunge hilo hilo linaweza kumwondoa. Sauti yangu ilitetemeka kidogo. Mwalimu Coleta alidhani ni baridi, akafunga dirisha.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. Anaitwa Debora, mrefu, sweta limemwishia kwenye viwiko. Anatoka Milepa, kule bondeni, kwa wafugaji. Akauliza Waziri akijibu vibaya inakuwaje. Nikasema unauliza swali la nyongeza. Akauliza, akijibu vibaya tena? Nikasema hapo Spika anasema muda umekwisha.

Darasa likacheka. Debora hakucheka.

Ijumaa, 10 Mei

Uchaguzi wa Spika. Nilidhani nitakaa kitini moja kwa moja, kwa uzoefu. Mwalimu Coleta akasema Spika huchaguliwa na wabunge. Sawa! Lakini nikamkumbusha kwamba Spika anaweza kutoka nje ya Bunge, mradi ana sifa za kuwa mbunge. Katiba inaruhusu. Jina langu likaingia.

Nilikuja na kampeni mfukoni, yaani karanga za kuchemsha. Nilizigawa mstari kwa mstari, nikiuliza habari za nyumbani kwa kila mmoja. Wakazila zote. Wakampigia kura Ummy, binti wa fundi cherehani, ambaye hakugawa chochote na ana sauti kama filimbi. Mimi nilipata kura ya Mwalimu Coleta, ya huruma. Ikabainika si mbunge. Ikafutwa.

Mwalimu Mkuu, ambaye ndiye Rais wa Bunge hili, aliniona nimekaa peke yangu kwenye ngazi. Akaniteua Waziri Mkuu. Bunge likanithibitisha kwa sauti moja, midomo bado ina karanga.

Waziri Mkuu! Mimi! Miaka mitano Dodoma sikupewa hata unaibu.

Jumapili, 12 Mei

Dominika ametoa suti ya 1995 sandukuni. Ilishonwa hapa hapa mjini siku tatu kabla sijaapishwa, fundi akiwa na pini mdomoni ananiambia nisipumue. Leo vifungo havikutani na matundu yake. Dominika akasema nisivifunge, nikae kama mtu aliyesikia joto. Nikamwambia ni Mei, upepo wa Ufipa unapasua midomo. Akanijibu kwa Kifipa. Siandiki.

Lakini baadaye nikamkuta amekaa na koti mapajani, anainusa kola. Nikamwuliza kuna nini. Akasema hakuna. Akasema enzi zile nikirudi nilikuwa nanukia sabuni za hoteli.

Jumatano, 15 Mei

Siku yenyewe. Niandike kwa utaratibu.

Bwalo limejaa. Wazazi wamekaa nyuma. Ummy akaingia na joho lililotokana na pazia la maabara. Tukasimama. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Maswali kuhusu uji, kuhusu vitabu. Nikajibu kwa mtindo wetu wa zamani: Serikali inatambua, Serikali inaendelea na mchakato. Watoto wakapiga meza. Sauti ile ile! Miaka ishirini na minne!

Kisha Debora akasimama.

"Mheshimiwa Spika, wasichana tunaotoka Milepa na Kaoze tunapanga vyumba mjini. Tunajipikia. Mwaka jana tulikuwa tisa, mwaka huu tumebaki watano. Wazazi wetu walijenga kuta za bweni kwa mikono yao. Je, Serikali itaezeka lini?"

Nyuma kule baba mmoja akavua kofia. Dirishani nikaziona kuta zenyewe, majani yamefika kimo cha mtu ndani yake. Nilipaswa kusema mchakato. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini wote walikuwa wananitazama, na mimi nilitaka kuisikia sauti ile tena, mara moja tu.

"Kabla ya mvua za kwanza!" nikasema.

Meza zilipigwa mpaka chaki zikaanguka. Wazazi wakasimama. Mama mmoja akapiga vigelegele. Nikainamisha kichwa.

"Swali la nyongeza," akasema Debora. "Ataezeka nani?"

"Serikali yangu."

"Serikali yako ni nani?"

Nikatazama upande wa mawaziri wangu. Waziri wa Fedha alikuwa anachora ng'ombe mkononi kwa kalamu.

Ndipo Debora akawasilisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Saini zimetimia! Walikuwa wamejiandaa! Lakini mtu mzima hafi kirahisi. Nikaruka na utaratibu: Ibara ya 53A, hoja hiyo sharti itolewe taarifa kwa Spika siku kumi na nne kabla! Ummy akamtazama Mwalimu Coleta. Mwalimu akafungua Katiba, akatikisa kichwa kukubali. Nimeokoka! Ummy akatamka, kwa filimbi yake, kwamba taarifa imepokelewa leo, na hoja itajadiliwa tarehe ishirini na tisa. Waziri Mkuu ana siku kumi na nne za kuonyesha bati.

Wakati huo huo mlango ukafunguka. Rahim. Vumbi jekundu mpaka kwenye kope, jogoo kwapani. Akaketi nyuma na wazazi, akasikiliza, akatabasamu.

Alhamisi, 16 Mei

Rahim amekuja nyumbani. Nilijificha nyuma ya nyumba, Dominika akanitaja.

Hakugomba. Amesema Kate walimshangaa, lakini mkuu wa shule akaona asipoteze mgeni, akakusanya shule nzima. Ameongea juu ya kamati mpaka mchana. Amepewa kuku wa kuchoma na jogoo wa kuondokea. Ananishukuru tena. Huyu mtu hatendewi ubaya!

Kisha akaniuliza kwa upole kwa nini nilijitetea kwa siku kumi na nne. Nikasema ndiyo Katiba. Akasema ibara hiyo hiyo, mistari michache juu yake, inasema hoja haiwezi kutolewa kabla ya miezi sita tangu Waziri Mkuu ateuliwe. Nilikuwa na miezi sita. Nikaomba wiki mbili.

Amecheka mpaka akaegemea ukuta. Dominika naye. Wamekunywa chai pamoja. Mimi sikunywa.

Ijumaa, 17 Mei

Mbinu mpya. Nimemwomba Mwalimu Mkuu, kama Rais, alivunje Bunge kabla ya tarehe ishirini na tisa. Akasema Katiba imetaja sababu za kulivunja, na aibu ya mtu mmoja haimo.

Jumamosi, 18 Mei

Rahim ameamua, bila kuulizwa, kwamba ana mabati aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya ghala, na ghala linaweza kusubiri. Nikamwuliza kwa nini anaingilia Serikali yangu. Akasema aliwaona wale wasichana watano. Basi.

Tumeteremka Milepa na lori lake kutafuta nguvukazi. Sijashuka ule ukuta wa bonde miaka mingi. Kona baada ya kona, joto linapanda, na chini kule bonde la Rukwa limelala, weupe wa ziwa unaonekana kwa mbali. Mwaka 1995 nilishuka hapa kwa miguu kuomba kura. Kila kona nilimwonyesha Rahim: hapa nilihutubia, hapa nilipewa maziwa, hapa kandambili ilikatika. Naye akaonyesha kona zake. Hakuna kona hata moja tuliyokubaliana.

Babu yake Debora ni Mzee Maganga. Msukuma mkongwe, alikuja zamani na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Tukaamkiana, tukakaribishwa viti. Akamtazama Rahim, uso ukang'aa. Akasema anamkumbuka! Ndiye yule mbunge aliyeuliza redioni habari ya josho! Siku ile walisimamisha kulima. Miaka ilipita, lakini josho likaja, na mpaka leo ng'ombe wanaoga pale. Akamshika Rahim mkono kwa mikono yake miwili.

Nikatazama viatu vyangu.

Ningekuwa mimi, ningeupokea mkono ule. Najijua. Rahim akautoa mkono wake taratibu.

"Hapana, mzee wangu. Ni huyu. Mimi siku ile nilikuwa dukani, nikiisikiliza redio kama ninyi. Nilikasirika sana. Lilikuwa swali zuri."

Maganga akageuka, akanikagua kichwa mpaka miguu. Akasema kumbe nilikuwa na sauti nene kuliko mwili. Akanipa mkono. Nilitaka kusema kitu cha kukumbukwa. Nikasema vumbi la kwenu linaumiza macho.

Ametoa fahali wa kitoweo cha mafundi, na vijana sita. Njiani kurudi tukafika juu kabisa, baridi ikatupiga. Ndipo nikamwambia Rahim kwamba kamati nazo zina umuhimu wake.

Jumanne, 21 Mei

Mbao. Hakuna mbao. Fundi Ndalahwa anasema bila kenchi za kubeba paa mabati ni sinia tu.

Nyuma ya nyumba yangu kuna miti ya misindano. Niliipanda mwaka niliotoka bungeni, nikiwa sina la kufanya wala wa kuniita. Niliimwagilia kwa kopo. Jioni huwa nakaa chini yake, upepo ukipita inavuma kama watu wengi wanaonong'ona kabla Spika hajaingia. Sijamwambia mtu.

Dominika akasema ikatwe. Nikakataa. Nikasema suala hili linahitaji kusomwa mara ya kwanza, mara ya pili, kamati, mara ya tatu. Akasema sawa, akasoma mara tatu palepale, kwa pumzi moja, akawaita vijana wa Maganga. Nikasema bado Rais hajatia saini. Akaniuliza, katika nyumba hii Rais ni nani?

Ikakatwa. Kiwanda cha mbao kimepokea magogo, kimetupatia mbao zilizokwisha kauka. Uani pameingia mwanga mwingi mno. Dominika alikuja kukaa karibu yangu kwenye kisiki. Akasema na yeye alikuwa anaisikia ile minong'ono. Miaka yote. Alidhani nitamcheka.

Jumatatu, 27 Mei

Kenchi zimepanda. Bati la kwanza limegongwa. Vyumba vitatu vimefunikwa, cha nne kimebaki nusu. Nimesimamia kazi yote kutoka chini, nikitoa maelekezo. Ndalahwa ameomba kwa heshima niende nikasimamie upande wa pili, ambako hakuna kazi.

Nimeandaa hotuba ya keshokutwa. Kichwa: Mafanikio ya Serikali Yangu.

Jumatano, 29 Mei

Bati la mwisho limegongwa saa nne asubuhi. Hoja ikaanza mara baada ya hapo.

Nilihutubia. Nilieleza jinsi Serikali yangu ilivyoezeka. Katika kueleza, huenda sikumtaja Rahim. Huenda sikumtaja Maganga, wala Ndalahwa, wala Dominika. Muda ulikuwa mfupi.

Debora akasimama. Akawataja wote. Akaitaja hata misindano. Kisha akasema:

"Mheshimiwa Spika, bweni lipo, na tunashukuru kutoka moyoni. Lakini Waziri Mkuu aliahidi bila kumwuliza mtu. Bahati yake, Mzee Rahim alikuwa na mabati. Siku nyingine ataahidi kitu ambacho hakuna mtu anacho. Bunge lisipomwambia leo, nani atamwambia?"

Ummy akawahoji wabunge. Waliosema ndiyo walitikisa madirisha. Waliosema siyo, nilisikia kikohozi kimoja.

Nimeondolewa. Kwa Ibara niliyowafundisha mwenyewe, kwa wingi wa wabunge wote, kihalali kabisa. Hata mimi nisingeweza kukosoa utaratibu.

Nikatoka nje, koti wazi, upepo unapita. Nilitaka kwenda nyumbani. Lakini wasichana walikuwa wanaingiza magodoro, wameyabeba vichwani wawili wawili, wanabishana nani alale karibu na dirisha. Debora akaniita ndani. Chumba kinanuka mbao mpya na chokaa. Akaniambia nisikilize. Punje za mchanga zilikuwa zinapeperushwa na upepo, zinagonga bati. Akasema kule alikokuwa amepanga, paa lilikuwa la turubai, usiku mzima linapiga kelele. Hapa atasoma.

Akaniambia, "Asante babu."

Safari hii sikumsahihisha.

Rahim alinisubiri getini. Tukatembea mpaka mjini taratibu, wabunge wawili wastaafu, tukiulizana nani bado yuko hai kati ya wale tuliokaa nao Dodoma. Wachache.

Jumapili, 2 Juni

Kanisa limejaa. Baada ya matangazo Padri akaniita mbele, waumini wanione, kwa ajili ya lile bweni. Nikamwambia Dominika sitasema neno. Akasema afadhali.

Nikasimama pale mbele. Wakapiga makofi. Kanisani! Wanakwaya wakapiga mabenchi! Mzee mmoja wa baraza la parokia akadakia kwamba kanisa hili tangu lijengwe halina mnara, labda Mheshimiwa angekuwa na wazo.

Mheshimiwa. Akasema Mheshimiwa.

Kabla ya Krismasi, nikawaambia.

Makofi hayo! Dominika amejifunika uso kwa kitenge mpaka misa ikaisha, na sasa hataki kuniambia chakula kiko wapi. Hana imani. Mimi nimekwisha kupiga hesabu ya kila kitu. Itahitajika saruji, mchanga na kokoto. Rahim si Mkristo, ni kweli. Lakini malori hayana dini.